Kabla Hujakigeuza Chumba Kuwa Ofisi Hapa Tanga: Mambo ya Kuzingatia

Wengi wanaotaka kufanyia kazi nyumbani huanza kwa kuulizia kompyuta, ilhali kinachopaswa kuulizwa kwanza ni chumba. Kiwe na mlango unaofungwa kwa ufunguo na kisiwe njia ya kwendea jikoni. Kama unaishi na jamaa, waeleze mapema na bila kuzungukazunguka kwamba mlango ukifungwa uko kazini, kwa sababu hapa kwetu mtu anayeonekana nyumbani saa nne asubuhi huhesabiwa kuwa hana kazi, na hutumwa sokoni.

Tafuta kiti chenye mgongo, si kile cha plastiki cha shughulini. Nyayo zikae sawasawa chini, na ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Mwanga wa dirisha utoke ubavuni. Hayo hayahitaji maelezo.

Umeme unahitaji maelezo kidogo. Nyumbani mwetu unakuja kwa volti 230, na hatari yake haiko katika kukatika tu, bali pia katika kurudi, kwa maana unaporudi huweza kuja kwa nguvu iliyopitiliza na kuunguza chaja kabla hujawahi kuichomoa. Nunua UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda unapokatika, na usiishie kuichomeka kompyuta peke yake, bali na ruta pia, kwani kompyuta inayowaka huku intaneti imezimika haitakuokoa katikati ya kikao. Kisha mwite fundi umeme apime kama nyumba ina ethi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Soketi kuwa na tundu la tatu si ushahidi kwamba waya wake umefika ardhini. Salio la LUKU liangalie jioni, si usiku wa manane mita inapoanza kulia.

Kwa intaneti, uwe na laini mbili za mitandao tofauti, na uzijaribu ndani ya chumba chenyewe, si barazani, hasa ikiwa nyumba ni ya zamani yenye kuta nene za mawe. Zijaribu jioni, wakati majirani wote wamo mtandaoni.

Kuhusu saa, andika miadi kwa namba za saa ishirini na nne na uzitaje saa za nani. “Saa tatu” ya kwetu na saa tatu ya mteja wa London ni vitu viwili, na juu ya hapo wenzetu wa Ulaya husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na tena Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huku sisi tukibaki palepale. London huwa nyuma yetu kwa saa tatu majira yao ya baridi, na kwa saa mbili majira yao ya joto.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikuambiwa na mtu. Nilipoanza kazi ya kutafsiri nikiwa nyumbani, nilipanga chumba upande wa Raskazone kwa sababu moja tu, ambayo ni dirisha lake kutazama bahari. Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshaanza kuvuma, nami nikaiweka meza chini ya dirisha hilo nikijiona mjanja wa kukwepa gharama ya kiyoyozi. Jikoni chumvi ilikuwa ikilowa yenyewe ndani ya kopo na kushikamana kama udongo, na kila siku niliivunja kwa kijiko bila kujiuliza maji yale yanatoka wapi. Kufika Machi herufi moja ya kibodi ikawa inajirudia yenyewe. Nikalaumu vumbi. Baadaye chaja ikawa inashika na kuachia, nikalaumu chaja na kununua nyingine. Masika yalipoingia, kompyuta ikazima nikiwa nimebakiza kurasa chache za kazi iliyotakiwa kesho yake, na haikuwaka tena.

Niliipeleka Ngamiani kwa fundi mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, kisha akanigeuzia ile madabodi, bodi kuu ya ndani ya kompyuta, niione. Pembezoni mwa matundu ya USB na chini ya feni palikuwa pameota ukoga wa kijani, kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. “Binti yangu,” akasema, “mashine hii ulikuwa unaendea kuvulia?”

Alinieleza, na maelezo yake ni sahihi, kwamba upepo wa bahari hubeba chumvi, na feni huivuta hewa hiyo ndani mchana kutwa. Chumvi ikishatua, hunyonya maji kutoka hewani mara unyevu unapozidi kiasi cha asilimia 75, hali ambayo kwetu pwani ni ya kawaida usiku, na chumvi iliyolowa hupitisha umeme na kuila shaba. Alisafisha kwa spiriti na brashi ya meno, lakini njia za umeme zilikuwa zimeshalika.

Kwa hiyo weka meza ukuta ulio mbali na dirisha la baharini. Ukimaliza kazi, acha mashine ipoe, kisha uifungie ndani ya kasha lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, na uvibadilishe, maana havidumu. Ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi, usiiwashe hapohapo nje, kwani hewa ya joto hutoa jasho juu ya kitu baridi. Nakala za kazi zikae mahali pengine, si kwenye kompyuta hiyohiyo. Nyaraka za watu zilinde kwa nywila, kwa kuwa tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizia paa kama linavuja, ulizia nani mwingine ana ufunguo, ulizia ukumbi wa harusi uko umbali gani. Na kabla hujatoa kodi ya miezi sita, shika nondo za dirisha, uzisugue, kisha utazame kiganja chako.