Acha kukompaili kwa mkono, tumia latexmk

Nyie mnaoandika tasnifu kwa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri), bado mnapiga pdflatex (inayotengeneza PDF), halafu bibtex (inayopanga marejeo), halafu pdflatex tena mara mbili ndo marejeo yatokee? Mi nilifanya hivo karibu mwaka mzima, na nikisahau raundi moja tu naletewa [?] badala ya namba. Siku hizi nikikaa asubuhi naandika mara moja kwenye terminali amri ya latexmk, programu inayoziendesha hizo zote yenyewe

latexmk -pdf -pvc tasnifu.tex

naiacha hapohapo, kila nikisevu yenyewe inajua kama bibtex inahitajika na irudie mara ngapi, PDF inajibadilisha pembeni mi naendelea kuandika. Ukitaka isimame piga Ctrl+C. Mliosakinisha LaTeX kwa TeX Live mnayo tayari, wa MiKTeX wekeni Perl kwanza maana latexmk ni skripti ya lugha ya Perl. Kama uko Windows PDF ifungulie kwa SumatraPDF, Adobe Reader inaling'ang'ania faili afu kukompaili kunagoma. Takataka za .aux na .log zikijaa, latexmk -c inazifagia, ila c iwe ndogo jamani, ukiweka kubwa inaondoka na PDF yako pia.