Somo: Kuandaa Halloween ya nyumbani pamoja na mbwa na paka

Ndugu zangu mnaolea watoto huku Marekani, kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba watoto hurudi kutoka shuleni na habari za mavazi na pipi, nasi wazazi tuliokulia Tanga au Bukavu, ambako mbwa hulala uani na paka hujitafutia riziki, tunajikuta tukiandaa sherehe ngeni ndani ya nyumba ambayo mnyama analala sebuleni. Kuipangia siku hii shughuli mapema ni desturi ya zamani. Mji wa Anoka, hapa Minnesota, ulianza gwaride lake la Halloween mwaka 1920 ili vijana waache utundu wa usiku huo, na inasimuliwa kwamba wenyeji waliwahi kuamka na kukuta ng'ombe wamefunguliwa wakizurura katika barabara kuu. Nyumbani nako, sherehe isiyopangwa humwumiza mnyama kwanza.

Hatua ya kwanza: mlango

Wengi huanza na mapambo. Ninawaomba muanze na mlango, kwa sababu kuanzia kama saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku watoto waliovaa vinyago hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, hivyo kengele italia mara nyingi, na kila mlango utakapofunguliwa mbwa ataona kiumbe asiye na uso anaoufahamu. Mbwa humtambua mtu kwa harufu, sauti, umbo na mwendo, na kinyago pamoja na joho refu huvuruga karibu yote hayo kwa pamoja. Atabweka hadi achoke, au atapenya katikati ya miguu yenu na kutokomea gizani.

Chagueni chumba kilicho mbali na mlango, muweke humo kitanda chake, maji na, kwa paka, sanduku la mchanga, kisha mfunge mapazia na kuwasha redio kwa sauti ya kawaida. Mzoezeni chumba hicho siku kadhaa kabla, kwa dakika chache huku mkimpa kitu anachokipenda, ili siku yenyewe asidhani kwamba anaadhibiwa. Hakikisheni pia kwamba mkanda wake wa shingoni una namba ya simu inayopatikana na kwamba, kama ana chipu chini ya ngozi, namba iliyosajiliwa si ile ya simu mliyoiacha miaka mitatu iliyopita.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote: kaeni nje kwenye ngazi na bakuli la pipi, mkiwa mmevaa makoti yenu. Watoto hawatakuwa na haja ya kupiga hodi, kengele haitalia hata mara moja, na mnyama atalala usingizi wake.

Hatua ya pili: mfuko wa pipi

Mtoto akirudi na mfuko, usiwekwe sakafuni wala kitandani. Chokoleti ina theobromini, kemikali ambayo mwili wa mbwa huivunjavunja polepole sana. Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo sumu inavyozidi, na unga wa kakao wa kuokea ni mbaya zaidi kuliko chokoleti ya maziwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo za mbwa. Ninayoiogopa kuliko zote ni zailitoli, kiungo cha kutia utamu badala ya sukari kwenye chingamu na pipi zisizo na sukari, ambayo kwenye karatasi ya bidhaa huandikwa xylitol: hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi, mara nyingine ndani ya saa moja, na huweza kuangamiza ini.

Hatua ya tatu: vazi

Vazi la mnyama lisizibe macho, masikio wala mdomo, wala lisiwe na vifungo vya kutafunika. Mjaribisheni mapema. Mwaka wa kwanza binti yangu alimvisha mbwa wetu mabawa ya nyuki. Mbwa alisimama katikati ya chumba kama aliyegandishwa, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu, akilamba midomo na kupiga miayo, nasi tukacheka tukidhani ana usingizi. Alikuwa na hofu. Mkiona dalili hizo, vueni vazi mara moja. Kitambaa chepesi cha rangi ya chungwa shingoni kinatosha kabisa kwa picha.

Hatua ya nne: michezo

Chukueni masanduku matupu sita au saba, ficheni vipande vya chakula cha mbwa ndani ya mawili, kisha watoto wamwache atafute kwa pua. Kwa paka, tobolea sanduku matundu ya kupitisha mguu. Mnapochonga boga, tumieni taa ya betri badala ya mshumaa, na nyama ya boga msiitupe. Pondeni nusu kikombe cha boga lililochemshwa bila chumvi, changanyeni na vikombe 2 vya unga wa ngano, yai 1 na vijiko 2 vya siagi ya karanga isiyo na zailitoli, ongezeni maji kidogo hadi unga ushikamane, kateni vipande vidogo na kuoka kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa takriban nusu saa. Msitie kungumanga, kwani ina madhara kwa mbwa. Boga lililoota ukungu litupwe mbali na mnyama.

Maswali ya wanachama

*Dada, shikamoo. Sisi kwa imani yetu hatuisherehekei siku hii, lakini tuna paka. Je, somo linatuhusu?*

Marahaba. Linawahusu katika hatua ya kwanza. Zimeni taa ya barazani, kwa kuwa taa inayowaka ndiyo ishara ya kuwakaribisha watoto, na mfungieni paka ndani kabla ya magharibi. Mchezo wa masanduku unafaa siku yoyote.

*Mbwa akila chokoleti, nimpe maji ya chumvi atapike?*

Hapana, ndugu yangu. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Andika uzito wa mbwa, aina ya chokoleti, kiasi na saa aliyokula, kisha mpigie daktari wa wanyama au kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, 888-426-4435, ambacho huweza kutoza ada. Usisubiri kutapika au kutetemeka, kwa maana dalili huweza kuchelewa saa kadhaa.

*Paka wangu ametafuna kile kijiti cha plastiki kinachong'aa gizani na anatoa povu mdomoni. Anakufa?*

Kwa kawaida hafi. Maji yale ni machungu mno na povu hutokana na uchungu huo. Mpe maziwa kidogo au chakula chenye majimaji ili kuondoa ladha, kisha mpeleke kwenye chumba chenye giza: manyoya yatakapong'aa utaona palipobaki, upafute kwa kitambaa chenye maji, asije akajilamba upya. Povu lisipokoma, mpigie daktari.