Tandaza makumbi, tungule zako zisife na kaskazi

Kaskazi ikishashika, Januari na Februari hizi, unamwagia tungule (nyanya) asubuhi, ikiadhiniwa adhuhuri udongo ushakauka na majani yamelegea, na maji yenyewe siku nyengine mpaka ununue. Sasa usiongeze ndoo, we tandaza, yani funika udongo unaozunguka mche. Makumbi ya nazi kwetu Zanzibar ndo bora, yapo tele, yanashika maji na hayaozi haraka.

Chukua makumbi makavu ya shambani, yapasue kwa panga vipande vya ukubwa wa kiganja uyaroweke usiku kucha, mana kumbi kavu ukilitia vilevile litayanywa maji kabla ya mche. Kwanza palilia, alafu mwagia mpaka udongo ulowe kweli, ndo uyapange, upande wa nyuzi chini. Unene vidole vinne unatosha. Shina liachie nafasi upana wa kiganja, ukilibana linaoza na konokono wanahamia hapohapo. Mbegu za mchicha ulizomwaga juzi usizifunike, subiri ziote ziinuke.

Gugu la ndago lakini usitegemee litakufa humo, ile ncha yake inatoboa hata nailoni, chimba vile viazi vyake kabla hujatandaza.

Na uangalie makumbi umeyatoa wapi! Yale ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba), yanayofukiwa pwani miezi kama wanavofanya Paje na Jambiani, yamelainika vizuri na yanatamanisha, ila yamejaa chumvi ya bahari, ukiyatia ncha za majani zinaungua. Wa Pemba nao wasijaribu makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, kwanza yanauzika kwa kutolewa mafuta, pili mafuta yenyewe ni makali, kuna watu wanayatumia kuulia magugu, seuze mche mchanga. Vumbi la mbao bichi likianza kuoza linachukua naitrojeni ya udongoni na mche unageuka manjano, kama huna jengine basi tia samadi ya kutosha chini yake. Makuti chakavu ya paa sawa, ila yanaita mchwa.

Masika ikianza yasogeze pembeni, mvua ile na makumbi pamoja ni kuozesha mizizi tu.

Kumwagia sasa si kila siku tena. Alasiri funua kumbi moja utie kidole, udongo ukinata wacha mpaka kesho, ukiwa mkavu ndo umwagie, taratibu karibu na mche, maji yafike chini yasiishie juu ya makumbi.