Somo: Kupima na kupunguza gesi ya radoni kwenye nyumba yenye besimenti

Wakuu, somo hili ni kwa tuliohamia jimbo la Iowa, Marekani, na kulaza watoto besimenti (chumba cha chini ya ardhi) kwa sababu vyumba vya juu havitoshi. Mimi niko Des Moines. Nilipima mwaka wa tatu tangu tuhamie, yaani nilichelewa.

Radoni hutoka ardhini, urani iliyomo kwenye udongo na mawe inapovunjika. Haina rangi, harufu wala ladha. Baridi ikianza tunafunga kila tundu na kuwasha hita. Hewa ya moto inapanda, na nyumba inafyonza ya ardhini kupitia nyufa za sakafu. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, inakadiria vifo 21,000 vya saratani ya mapafu kwa mwaka kutokana nayo. Sigara tu ndiyo inayoizidi. Kaunti zote 99 za Iowa zimo kwenye kundi la hatari kubwa.

1. Nunua kipimo cha makaa, kopo kama la kiwi ya viatu. Soma boksi kama ada ya maabara imo. Mimi sikusoma, nikalipa mara mbili.

2. Saa 12 kabla ya kuanza, funga madirisha na milango ya nje, na iwe hivyo hadi mwisho. Kupita mlangoni ruksa, kuuacha wazi ndiyo mwiko.

3. Weka kopo chumba cha chini kabisa mnachokitumia, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha, jiko na bafu. Langu nililiweka kwenye stuli kando ya kitanda cha kijana. Mama watoto akadhani ni dawa ya mende, akalifunika. Nikaanza upya. Waambieni watu wa nyumbani!

4. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Siku zikitimia (2 hadi 7, fuata maelekezo) litume maabara kwa posta siku hiyohiyo, maana radoni iliyonaswa hupungua nusu kila siku 3.8 hivi.

5. Majibu: EPA inasema chukua hatua kuanzia pikokyuri 4 kwa lita ya hewa (kizio cha mionzi), sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100. Ukizidi pikokyuri 4 kidogo, unaweza kurudia kwa kipimo cha muda mrefu, zaidi ya siku 90. Ukizidi 8, rudia cha muda mfupi mara moja. Mimi nilipata 9, nikarudia, 9 tena.

6. Ita fundi mwenye leseni ya radoni. Anatoboa zege, anachimba kijishimo, anashusha bomba la plastiki, na feni inavuta gesi usiku na mchana kuitupa juu ya paa. Shimo la pampu ya maji nalo lizibwe. Kataa feni kufungwa ndani ya besimenti: bomba likivuja juu yake, gesi inasukumwa ndani. Kwenye bomba kuna kimrija cha umbo la U chenye maji ya rangi. Pande mbili zikilingana, feni haivuti.

7. Pima tena feni ikishafanya kazi saa 24, kabla siku 30 hazijapita. Mimi nilishuka hadi 1.3.

MASWALI

— Mkuu, nikiziba nyufa kwa silikoni tu?
Haitoshi, kaka. Kuziba husaidia feni, hakuchukui nafasi yake.

— Jirani kapata 2, tumepakana ukuta. Ina maana nami niko salama?
Hapana, dada. Udongo na nyufa zake si zako. Pima kwako.

— Napanga ghorofa ya nne.
Kwa kawaida huko juu ni kidogo. Wa ghorofa za chini ndio wapime, na jibu baya mwenye nyumba apelekewe kwa maandishi.

— Na nyumba yetu ya Morogoro?
Radoni ipo kila penye udongo, ila nyumba ya madirisha ya nondo na wavu yanayoshinda wazi haiikusanyi kama hizi. Chumba cha kiyoyozi kinachofungwa muda wote, hicho ningekipima.