Chora nyota kwa kioo uone ubongo unavyosahihisha mkono

Zoezi hili mimi huwapa wanafunzi wangu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kabla hawajaanza kuwahudumia wagonjwa wa kiharusi. Wakishalifanya, ile pupa ya kumshika mgonjwa mkono na kumwelekeza huwapungua. Tafuta kioo cha kusimamisha mezani, karatasi, kalamu, kitabu kipana na mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 1. Chora nyota ya pembe tano, kisha nyingine nje yake, kati ya mistari pabaki kinjia cha milimita 5 hivi. Toa kopi kadhaa.

Hatua ya 2. Weka karatasi mbele yako na usimamishe kioo nyuma yake, kikikuelekea. Msaidizi akinge kitabu juu ya mkono wako ili usiuone ila kwenye kioo.

Hatua ya 3. Zungusha kalamu ndani ya kinjia mpaka urudi ulipoanzia. Msaidizi aandike muda na mara ulizotoka nje.

Hapa usiwe na haraka. Kwenda kushoto na kulia hakusumbui, maana kioo hakikugeuza upande huo. Kilichogeuka ni mbele na nyuma, ndiyo maana mistari ya mshazari inatesa: nusu ya mwendo iko sawa, nusu imepinduka. Angalia kalamu inapovuka ukingo. Jicho limeliona kosa papo hapo, unaivuta irudi ndani, nayo inazidi kwenda nje. Ukivuta zaidi inatoka zaidi, mpaka mkono unaganda penye pembe ukitetemeka. Kuna wanaocheka, na kuna wanaokasirika kweli kweli.

Ubongo unapoiamuru misuli, hukadiria pia kitakachofuata. Serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, husaidia kulinganisha makadirio hayo na kilichotokea, na tofauti yake hutumika kurekebisha amri zijazo. Kwa hiyo kwenye kioo kosa limegunduliwa vizuri kabisa. Njia ya kulisahihisha ndiyo bado ya zamani.

Hatua ya 4. Rudia, tena polepole. Kinachoonekana huchukua kama milisekunde 100 hadi 200 kabla hakijabadilisha mwendo wa mkono, hivyo ukikimbia, marekebisho yatafika kalamu imeshapita. Na msaidizi asikushike mkono! Akikuongoza, nyota itatoka safi, lakini ubongo utakosa kosa la kujifunzia.

Hatua ya 5. Lala, urudie kesho, ulinganishe muda na makosa. Ukimaliza jaribu mkono wa pili. Kwa kawaida nao huwa umeshafaidika kidogo na kazi ya mwenzake.

Usijipime kwa unavyokumbuka. Henry Molaison, Mmarekani, alifanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953 akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa nyota ya kioo kwa siku tatu. Makosa yalipungua siku hadi siku, ingawa kila alipoketi hakukumbuka kuwahi kulifanya zoezi hilo. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia jana hatukufanya mazoezi, sibishani naye: nampa kikombe, naangalia anavyokifikia.