Nyumba inanuka uvundo na nguo zinaota fangasi? Anza hapa kabla hujanunua mashine yoyote

Mwezi wa nne mwaka juzi nilifungua kabati nitoe koti la kwendea msibani, nikakuta limeota fangasi nyeupe mgongoni kote, viatu vya ngozi vimegeuka kijani na begi la vyeti vyangu vya shule linanuka uvundo. Wiki hiyohiyo mtoto wetu mdogo alikuwa anakohoa usiku kucha, dawa za kifua zimeisha chupa mbili hakuna nafuu. Daktari alimpima halafu akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea: chumba mnacholala kina madirisha mangapi, mvua ikinyesha nguo mnaanika wapi, na mbu mnawafukuza kwa kutumia nini. Majibu yangu yote matatu yalikuwa mabaya.

Tangu hapo nimehangaika sana na hewa ya nyumba yetu, na naandika haya hasa kwa ajili yako unayeishi Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, kote huku pwani. Shida yetu kubwa ni mbili, maji na moshi. Yote mawili tunayaingiza wenyewe kwa sehemu kubwa, na ukiyaacha yaendelee kuingia hata ununue mashine ya milioni utakuwa unachota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Kwanza tafuta kipima unyevu, wengine wanaita haigromita, kale kadude kadogo kenye kioo kanakoonyesha joto na asilimia ya unyevu. Mimi changu nilinunua sh 15,000 na betri inakaa miezi mingi. Kiwango kinachoshauriwa ndani ya nyumba ni kati ya asilimia 30 na 50, na isizidi 60, maana juu ya hapo fangasi wanastawi na vile vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho vinazaliana kwenye magodoro, na mwenye pumu ndani ya nyumba ndiye wa kwanza kuumia. Sasa usishtuke, huku kwetu masika bila AC kushuka chini ya 60 ni ngumu, mimi nilijiwekea lengo kwamba isikae juu ya 70 siku nzima na hiyo peke yake ilibadilisha nyumba.

Vipimo vya bei rahisi vingine vinadanganya kwa hiyo kihakiki kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa ya maji, idondoshee maji kidogo iwe kama mchanga uliolowa lakini isiyeyuke, kisha fungia kizibo hicho pamoja na kipimo kwenye kopo lenye mfuniko usiopitisha hewa. Acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80 ujue kinazidisha 5, utakuwa unazitoa mwenyewe kila ukisoma.

Sasa kilichonifumbua macho ni muda wa kufungua madirisha. Tumezoea kufungua alfajiri tukiamini ndiyo hewa safi, na kweli inaburudisha, ila ndiyo hewa yenye unyevu mkubwa kuliko muda wowote wa siku. Kipimo changu nikikiweka barazani masika saa 12 asubuhi kinapita 90, saa 8 mchana siku isiyo na mvua kinashuka mpaka 65 hivi. Sio kwamba maji yamepungua hewani, ni joto limepanda, na hewa ya moto ina nafasi ya kubeba mvuke zaidi kwa hiyo inanyonya unyevu kutoka kwenye kuta na vitambaa. Kwa hiyo siku ya jua, kuanzia saa 5 mpaka saa 10 jioni fungua kila kitu, madirisha, milango ya ndani, makabati, droo, hata masanduku ya chini ya kitanda. Kama mchana wote uko kazini basi mwelekeze aliyebaki nyumbani, au fanya jumamosi na jumapili bila kukosa. Mvua ikinyesha funga upande inakopigia, upande mwingine acha wazi kidogo.

Na hewa haiingii kama haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango umefungwa, upepo unagonga dirishani unageuza. Washa kijiti cha udi kidogo, simama nacho katikati ya chumba uangalie moshi unaelekea wapi, ukiona unapanda juu tu na kutulia ujue hapo hewa imelala. Fungua mlango na dirisha la chumba cha pili ujaribu tena mpaka uone moshi umelala upande mmoja. Kumbuka pia upepo wetu unabadilika, kaskazi inapiga kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, halafu kusi inakuja kutoka kusini mashariki na masika, kwa hiyo dirisha lililokuwa linaleta hewa januari linaweza lisifae mwezi wa sita. Kama chumba kimejifunga kabisa chukua feni ya kusimama uigeuze iangalie nje dirishani, itoe hewa ya ndani, na hewa nyingine itaingia yenyewe kupitia mlangoni.

Halafu angalia nyavu za mbu za madirishani. Zetu zilikuwa hazijaoshwa miaka mitatu, vumbi la barabarani limeziba vitundu mpaka ukishika ni kama kitambaa, siku niliyozisugua kwa brashi na sabuni chumba kilipata upepo kama tumebomoa ukuta. Rudia kila baada ya miezi miwili kama uko karibu na barabara ya vumbi.

Maji tunayoyatengeneza wenyewe ndani ni mengi kuliko unavyodhani. Beseni moja la nguo ulizofua ukazianika sebuleni, hayo maji yote yaliyokuwa kwenye nguo hayaendi popote, yanaingia hewani halafu ukutani. Mvua ikigoma kukatika anika kwenye kibaraza chenye paa, na kama lazima iwe ndani chagua chumba kimoja, funga mlango wake wa ndani, fungua dirisha, washa feni ipulize nguo. Zikamue kweli kwanza. Jikoni funika sufuria, maharage yanayochemka saa mbili bila mfuniko yanamwaga mvuke nyumba nzima. Bafu la ndani funga mlango ukitoka kuoga na kidirisha chake kibaki wazi, na sakafu isukume maji yote kwenye tundu usiache madimbwi.

Godoro! Wapangaji wengi tunaanza maisha na godoro chini kwenye vigae, na mimi nililala hivyo mwaka mzima. Jasho la usiku linashuka chini, vigae ni baridi, maji yanabaki katikati hapo na baada ya miezi ukiligeuza unakuta madoa meusi. Kama hujapata kitanda weka hata mbao za paleti hewa ipite chini, na kila wiki liegemeze ukutani mchana likauke. Makabati yavute sentimita 5 mpaka 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje na ule unaopakana na bafu. Usijaze nguo kabati likawa kama gunia. Vyeti, hati na picha za zamani weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko mkali pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, lakini hakikisha karatasi ni kavu kabla ya kufunga, ukifungia karatasi mbichi umeziotesha mwenyewe. Kuhusu mkaa kwenye beseni ndani ya kabati, watu wanausifia sana, unasaidia harufu kidogo ila kwa unyevu usiutegemee, na uanikwe juani mara kwa mara.

Fangasi ikishaota usiipanguse ikiwa kavu wala usiifagie, utairusha hewani uivute. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, toa watoto nje, sugua kwa maji na sabuni ya unga, futa, kisha kausha kabisa na feni. Ukitumia jiki tumia peke yake na maji. USICHANGANYE jiki na siki wala na dawa ya kusafishia choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, inatoka gesi inayounguza mapafu na watu wanaumia kweli kwa ajili ya hili. Na kupaka rangi juu ya fangasi ni kupoteza hela, itatokea tena ndani ya wiki chache. Kitu chochote kikilowa, zulia, mto, kochi, kikaushe ndani ya siku moja au mbili, zaidi ya hapo fangasi zinaanza.

Sasa moshi, na hapa naomba usome taratibu.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kuchoma moja mpaka iishe kunatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Sisi tulikuwa tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto, madirisha yamefungwa, kila usiku. Nikikumbuka naumia. Tuliacha siku ileile, tukanunua chandarua kingine, tukaziba matundu ya nyavu za dirishani, na kikohozi kilipungua ndani ya wiki mbili. Udi na ubani ni wetu, siwezi kukuambia uache, ila choma kidogo, dirisha liwe wazi, na kama kuna mwenye pumu asiwepo chumbani.

Mkaa ndio hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu itokanayo na kupikia majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Serikali yetu Tanzania ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, ila kama leo jioni una mkaa basi washia nje, pikia nje au kibarazani, na mtoto asikae mgongoni ukipuliza. Kitu ambacho watu hawakiamini ni kwamba mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, ndio unaoua kimya kimya, unatoa kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Ndugu zetu wa Njombe, Makete, Mbeya, najua mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, tafadhali msilale na jiko chumbani hata kama mlango umeachwa nusu wazi. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na hasa mkiwa wawili watatu mnaumwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza halafu ndio mwende hospitali. Jenereta ni hivyohivyo, isikae koridoni wala chini ya dirisha.

Gesi ni afadhali kubwa ila nayo inatoa mvuke na hewa chafu kiasi, kwa hiyo dirisha la jikoni wazi.

Kwa wenye AC, rimoti nyingi zina alama ya tone la maji, hiyo inakausha hewa bila kupoza sana na masika inatosha saa moja mbili kabla ya kulala. Chujio lake lioshe kila mwezi, na AC ya ukutani haileti hewa mpya, inazungusha ileile, kwa hiyo fungua mlango mara mojamoja. Vile vimashine vya kupuliza mvuke vyenye taa za rangi, kwa pwani usinunue, unaongeza tatizo. Vinawafaa waliopo sehemu kavu kama Dodoma wakati wa kiangazi, au wenzetu wa Ulaya na Marekani wakati wa hita, nao wanywe maji na wakioshe chombo kila siku. Maua ya ndani yapende kwa uzuri wake tu, kusafisha hewa ungehitaji msitu, na ukiyamwagilia sana yanaongeza unyevu.

Mwisho ukuta wenyewe. Ukiona rangi inabanduka chini na unga mweupe wa chumvi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40, ziba kingo zote kwa selotepu, subiri siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukutani yanatoka ndani ya ukuta, yakiwa upande wa chumbani ni hewa yako. Yakitoka ukutani zungukia nje kwanza: udongo uliolundikwa juu ya msingi, maji ya paa yanayomwagika palepale, bomba la jirani linalovuja. Mwambie mwenye nyumba kwa picha, usisubiri mkataba uishe. Na usikubali fundi apake rangi ya mafuta juu yake, inafungia maji ndani, wazee wa Mji Mkongwe na Lamu walipaka chokaa kwa sababu chokaa inapumua na ukuta unakauka wenyewe. Tatizo la nje likishatengenezwa acha ukuta wazi wiki kadhaa za jua, rudia nailoni, ikitoka kavu ndio fundi afungue kopo la rangi.