Taa za LED za Hiace ya kambi zinapepesa, zinafifia au zimekufa? Pima kabla ya kununua nyingine

Hiace, Caravan au Land Cruiser iliyogeuzwa kuwa gari la kulala kambini ilitoka kiwandani na taa chache tu za dari. Zilizobaki zote, yaani utepe wa LED chini ya kabati, taa za kusomea kitandani, taa ya jikoni nyuma, ziliongezwa baadaye. Zikisumbua, wengi hukimbilia kununua utepe mpya. Mara nyingi utepe hauna kosa: shida iko kwenye kiungo, ethi (pale hasi inapoungwa kwenye bodi, yaani chuma cha gari), au volti zilizozidi. Na kiungo kibovu hakijionyeshi kwenye mita ukipima taa ikiwa imezimwa. Ndiyo maana karibu vipimo vyote hapa vinafanywa taa ikiwaka.

Vya kuandaa

Mita ya dijitali yenye volti za DC na ampia hadi 10, waya mrefu wa mita 5 wenye klipu pande zote mbili, msasa, koleo la kubania viunganishi, pasi ya kulehemu ya wati 40, mipira ya kusinyaa kwa joto, na fyuzi za akiba za ampia 3, 5 na 7.5. Ongeza balbu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemewa nyaya mbili fupi. Usiidharau. Inavuta karibu ampia 1.75, na mzigo huo unatosha kuumbua waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu ndani ya gamba. Mita peke yake itasoma 12.6 kwenye waya huo, nawe utaapa ni mzima.

Hakikisha pia gari ni la volti 12. Coaster nyingi za kutoka Japani na baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli ni za volti 24, na humo utepe wa volti 12 hauna maisha.

Hatua ya 1: Soma dalili

Taa tatu zilizofuatana zimekufa huku nyingine zinawaka: kipande hicho tu ndicho kimekatika, maana utepe wa volti 12 umepangwa kwa vikundi vya LED tatu tatu. Kata kwenye alama za mkasi, lehemu kipande kipya, umemaliza.

Mwanzo unang'aa, mwisho umefifia: shaba ya utepe ni nyembamba na volti zinapotea njiani. Lisha utepe kutoka pande zote mbili.

Taa zote zinafifia pampu ya maji ikianza: zinashiriki waya au ethi na pampu. Zinazimazima kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi: kiungo kimelegea. Zinakufa moja baada ya nyingine baada ya safari ndefu: volti zimezidi, nenda hatua ya 5.

Zikizima zote kwa pamoja usiku wa manane na kurudi jua likichomoza, huenda hakuna hitilafu kabisa. Kontrola ya sola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, imekata upande wa mzigo (taa na vifaa) kuilinda betri isiishe. Hapo mgonjwa ni betri au matumizi.

Hatua ya 2: Pima kwenye betri, kisha kwenye taa

Injini imezimwa, jua halijapiga paneli, washa taa zote. Kama kuna dima (kipunguza mwanga), iweke kwenye mwanga wa juu kabisa. Dima huwasha na kuzima taa mara nyingi kwa sekunde, na ukiiacha katikati mita itakupa wastani wa volti 6 hivi usiokuambia chochote.

Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, kwa hiyo ichaji kwanza. Sasa pima mahali nyaya zinapoingia kwenye utepe. Tofauti kati ya namba hizo mbili isizidi volti 0.4. Ikizidi, umeme unapotelea njiani.

Hatua ya 3: Jua unapotelea upande gani

Hapa ndipo waya mrefu unafanya kazi. Unganisha klipu moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ncha nyeusi ya mita. Ncha nyekundu iguse hasi ya taa, taa ikiwaka. Ukisoma zaidi ya 0.1 na taa imeungwa kwenye bodi, ethi ni mbovu. Rudia upande wa chanya: kutoka chanya ya betri hadi chanya ya taa. Kisha sogea kidogokidogo, ukipima kabla na baada ya fyuzi, kabla na baada ya swichi, kabla na baada ya kila kiungo. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Namba isiporuka popote bali inapanda taratibu, waya ni mwembamba. Kwa taa za ampia 3 zilizo mita 4 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 8. Waya wa milimita za mraba 0.75 utapoteza volti 0.56, wa 1.5 utapoteza 0.28, na wa 2.5 utapoteza 0.17. Waya wa spika, ambao mafundi wengi huupenda kwa sababu unapinda vizuri, mara nyingi haufiki hata 0.75.

Hatua ya 4: Tengeneza viungo

Ethi iliyofungwa kwa skrubu juu ya rangi ni ethi ya bahati. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, tumia kiatu cha waya (kichwa cha chuma chenye tundu la skrubu) na pete ya chuma yenye meno, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu. Kwa gari linalolala pwani, kata ncha ya waya utazame shaba: ikiwa nyeusi au kijani, endelea kukata hadi upate shaba safi. Ukikosa, badilisha waya wote.

Ondoa nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu nyeusi. Joto huyeyusha gundi na mtikisiko humalizia. Ondoa pia vile viunganishi vinavyouma waya bila kuumenya, kwani hukata baadhi ya nyuzi. Klipu za plastiki za kuunga utepe bila kulehemu nazo huachia. Lehemu, vika mpira wa kusinyaa, kisha funga waya kwenye bodi sentimita 5 kutoka kwenye kiungo ili mtikisiko usiishie pale.

Kwenye paa la kuinuka, anza na bawaba. Waya hukatika ndani ya gamba kwa kupindwa kila siku, na nje unaonekana mzima. Unga balbu ya wati 21 upande wa juu, inua na kushusha paa taratibu, ikipepesa, umepata. Weka waya wenye nyuzi nyingi nyembamba na uache kitanzi kirefu.

Hatua ya 5: Volti zilizozidi

Washa injini upime kwenye taa. Alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, hutoa 13.8 hadi 14.4, na kontrola ya sola hufika huko mchana hata injini ikiwa imezimwa. Utepe wa bei nafuu hauna kinga: LED tatu zinachukua karibu volti 9, zinazobaki zinaangukia rezista, kijipande kinachozuia mkondo. Ikiwa rezista ni omu 150, kwa volti 12 zinapita miliampia 20. Kwa 14.4 hesabu inafika 36. Kiuhalisia hupungua kidogo, lakini joto linatosha kuua LED na kubandua gundi.

Dawa ni taa zilizoandikwa volti 10 hadi 30, au kigeuza volti kati ya betri na utepe. Chagua kinachopandisha na kushusha. Cha kushusha tu hakiwezi kutoa 12 kamili betri ikiwa 12.2. Utepe wa 5050 (namba ya ukubwa wa LED) wenye LED 60 kwa mita unakula wati 14.4 kwa mita, kwa hiyo mita 5 ni ampia 6: nunua kigeuza volti cha ampia 8 au 10.

Hatua ya 6: Zinawaka hafifu zikiwa zimezimwa

Fundi ameziunga kwenye taa ya dari ya kiwandani au kwenye dima inayovujisha. Rezista ya omu 1,000, nusu wati, kati ya chanya na hasi ya taa huondoa mwanga huo. Kumbuka kuwa kwenye Toyota nyingi swichi ya mlango hukata hasi. Ukipeleka hasi ya taa mpya kwenye bodi haitazima kamwe. Kontrola nyingi nafuu za sola nazo hukata hasi, kwa hiyo hasi ya taa irudi kwenye kontrola.

Hatua ya 7: Fyuzi na jaribio la mwisho

Fyuzi hulinda waya, si taa. Ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20. Kwa waya wa 1.5 unaobeba ampia 3, fyuzi ya 5 inatosha. Iliyokatika usiibadilishe na ya 15. Tafuta waya uliochubuka kwenye ukingo wa chuma.

Washa taa zote, injini ikinguruma, dakika 30. Kisha pitisha vidole kwenye kila kiungo. Kilicho cha moto kifungue ukirudie.